Anza Kiebrania na Kiswahili chako: herufi, matamshi na maneno ambayo nusu unayajua tayari

Kuna kwaya moja walitengeneza fulana 40 za bluu, kifuani wakaweka neno shalom kwa herufi za Kiebrania, na kwa mbali zilikuwa zinapendeza kinoma. Nikasogea nisome. Imeandikwa םולש, yaani kinyumenyume, herufi zote nne zimegeuka, ni kama mtu akuandikie "inarak" akimaanisha karani. Sikusema kitu, walikuwa ndo wanapanda jukwaani na hela ya watu ishalipwa.

Sasa haya ndo ningemwambia yule dizaina wao, na wewe unayepanga kwenda hija Yerusalemu na Bethlehemu, au umepata nafasi ya mafunzo ya kilimo Israeli, au umechoka tu kusikia mhubiri anasema "kwa Kiebrania neno hili maana yake ni..." na huna namna ya kuhakikisha kama ni kweli au kaamua mwenyewe.

Upande kwanza

Kiebrania kinasomwa kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu, waliopita madrasa hapa hawana shida kabisa. Herufi ni 22, hakuna kubwa na ndogo, na tofauti na za Kiarabu hizi haziungani, kila moja imesimama kivyake. Na zote zinahesabika kuwa konsonanti. Irabu zinawekwa kwa vidoti na vistari vidogo chini, juu au ndani ya herufi, vinaitwa nikud, ila utaviona kwenye Biblia, vitabu vya sala, mashairi na vitabu vya watoto tu. Gazeti, menyu, meseji za simu, hamna vidoti, msomaji anajaza irabu kichwani mwenyewe. Usiogope hapo, mbona mtu akikutumia "ntkuja ksho" unasoma bila hata kusita.

Tuchukue neno lenyewe la fulana: שלום. Anzia kulia. ש inaitwa shin, ni sh. ל ni lamed, l. Inafuata ו, vav, ambayo kawaida ni v lakini hapa imekaa badala ya irabu o. Mwisho ם, mem, m. Umepata sh-l-o-m, ile a haikuandikwa. Ukiiweka nikud inakuwa שָׁלוֹם, na hicho kialama kama T ndogo chini ya shin ndo a, kidoti juu ya vav ndo o, na kidoti kwenye bega la kulia la shin kinakwambia hii ni sh, maana kikihamia bega la kushoto herufi hiyohiyo inakuwa s. Kwa hiyo kazi ya irabu inafanywa na vidoti, lakini vav inasaidia kwa o na u, na י (yod) inasaidia kwa i, ndo maana hata bila nikud haupotei sana.

Kitu cha pili kwenye neno hilo ni ile mem ya mwisho. Herufi tano zina umbo lingine zikikaa mwisho wa neno: כ inakuwa ך, מ inakuwa ם, נ inakuwa ן, פ inakuwa ף, צ inakuwa ץ. Mem ya mwisho ni kama sanduku lililofungwa pande zote, ile ya mwanzo na katikati ina kauwazi chini. Hicho ndo kilinishtua kwenye fulana, sanduku limekaa mwanzo wa neno, kulia kabisa, mahali ambapo halina ruhusa ya kukaa.

Zinazochanganya macho

Za kuangalia kwa makini ni ב na כ, ה na ח na ת, ו na ז na ן, ם na ס, ג na נ. Chukua daftari la mistari uziandike mbilimbili siku mbili tatu zitakaa. Ila jozi ya kuogopa hasa ni ד (dalet, d) na ר (resh, r), tofauti yao ni kona ya juu kulia tu, dalet ina kona kali iliyochomoza, resh imepinda kama bakora. Neno אחד ni ekhad, moja. Neno אחר ni akher, mwingine. Sasa fikiria mstari wa Kumbukumbu la Torati 6:4, "Sikia, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja", halafu mwandishi apinde kona ya dalet kidogo tu, Mungu mmoja anageuka Mungu mwingine! Ndo maana kwenye magombo ya Torati dalet ya neno hilo inaandikwa kubwa kuliko wenzake, mpaka leo.

Halafu ujue kabisa kwamba mwandiko wa mkono ni mwingine. Herufi hizi unazoona hapa ni za kuchapa, Muisraeli akikuandikia kikaratasi cha bei ataandika herufi za kuviringa ambazo zingine hazifanani na hizi hata kidogo. Zijue za kuchapa kwanza, hizo zingine baadaye.

Mdomo

Hapa Mswahili ana bahati. Kiebrania cha leo kina irabu tano, a e i o u, zilezile zetu na zinatamkwa hivyohivyo. Wazungu wanahangaika hapo, sisi tunapita tu.

Konsonanti za kujifunza ni chache. ח (khet) na כ ikikosa kidoti ndani yake zote ni kh, ile ya kheri na Khamisi, na naomba uitamke kweli kama watu wa Unguja na Mombasa, usilete h ya "heri". צ (tsadi) ni ts, ile unayoisikia kwenye pitsa, na kweli pitsa kwao inaandikwa kwa hiyohiyo tsadi, פיצה. ר (resh) wengi wanaitolea nyuma kooni, inakaribia gh ya ghali, lakini ukitumia r yetu ya kawaida wanakuelewa vizuri tu. א (alef) na ע (ayin) mara nyingi hazina sauti yake, zinabeba irabu tu. Ayin zamani ilitoka kooni kama ain ya Kiarabu na wapo Wayahudi wenye asili ya Yemen ambao bado wanaitamka, ila Waisraeli wengi wameiacha, kama sisi tulivyoiacha tulipochukua arobaini kutoka kwa Waarabu. ה (he, h) ikiwa mwisho wa neno kawaida haisikiki.

Ukitoa shin, kuna herufi tatu za konsonanti zenye sauti mbili: ב ni b au v, כ ni k au kh, פ ni p au f. Kwenye maandishi yenye nikud kidoti kikiwa ndani ni ile ngumu (b, k, p), kisipokuwepo ni ile laini.

Tatizo kubwa letu sio herufi, ni mkazo. Kiswahili tunakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, bila kufikiri. Kiebrania mara nyingi kinakandamiza ya mwisho: shaLOM, toDA, slikhA. Halafu kuna kundi la maneno yanayokandamiza mapema kama sisi: LEkhem (mkate), Erev (jioni), KElev (mbwa). Hakuna njia ya mkato, kila neno jipya lijifunze pamoja na mkazo wake, maana BOker ni asubuhi lakini boKER ni mchunga ng'ombe, na zote zinaandikwa בוקר. Au hii ambayo naipenda: BIra ni bia, biRA ni mji mkuu, na zote ni בירה. Mswahili akisema kwa mazoea yake atauliza mji mkuu aletewe chupa.

Kuanzia hapa herufi kubwa kwenye matamshi ndo silabi ya kukandamiza.

Maneno ya siku ya kwanza

shaLOM שלום, hii ni hujambo, ni kwaheri, na ni amani
BOker tov בוקר טוב, habari ya asubuhi
Erev tov ערב טוב, habari ya jioni
LAila tov לילה טוב, usiku mwema (kumbuka lailatul kadri, laila ni usiku huohuo)
toDA תודה, asante, na toDA raBA תודה רבה, asante sana
bevakaSHA בבקשה, tafadhali, na pia ndo jibu la asante
sliKHA סליחה, samahani
ken כן, ndiyo, na lo לא, hapana
beSEder בסדר, sawa, poa, haina shida

Mtu akikwambia boker tov unaweza kumjibu BOker or, בוקר אור, asubuhi ya nuru. Waliowahi kufanya kazi Oman na Ghuba wataitambua haraka, ni ileile ya Waarabu, sabahul-kheri inajibiwa sabahun-nur.

Kuuliza hali ya mtu ndo kuna mtego. Mwanaume unamwambia ma shlomKHA, mwanamke ma shloMEKH. Ukiandika bila vidoti zote ni מה שלומך, hakuna tofauti hata ya herufi moja. Na "nataka" hivyohivyo: mwanaume anasema aNI roTSE, mwanamke aNI roTSA, maandishi ni yaleyale, אני רוצה. Sisi "yeye" ni yeye tu, awe Juma awe Asha, kwa hiyo hii ya jinsia itakusumbua muda mrefu, kubali tu. Ukiona kizito tumia ma nishMA, מה נשמע, ni kama "vipi", haibagui mtu.

Halafu kuna maneno yamekaa kama Kiswahili kumbe yanakuvizia. Mi מי sio mimi, ni nani. Po פה ni hapa (hii angalau iko upande wetu). aTA אתה sio hata, ni wewe wa kiume. Na KAma כמה, ambayo ndo utaitumia kila siku sokoni, ni "kiasi gani": KAma ze oLE, כמה זה עולה, hii bei gani.

Sasa utamu wenyewe

Kiebrania na Kiarabu ni ndugu wa ukoo mmoja, na Kiswahili kimebeba mzigo mkubwa wa Kiarabu, kwa hiyo Mswahili anaanza Kiebrania na akiba mfukoni bila kujua. Ufunguo ni mmoja: pale Waarabu wanaposema s au th, mara nyingi Waebrania wanasema sh. Salamu, shalom. Soko, shuk שוק (Yerusalemu nenda shuk Mahane Yehuda, Tel Aviv kuna shuk HaKarmel). Kitunguu thomu, kwao ni shum שום. Lisani, yaani ulimi, laSHON לשון. Rasi, ambayo kwenye ramani zetu ni ncha ya nchi iliyoingia baharini, ni rosh ראש, kichwa.

Jaribu kwenye namba uone. Sita ni shesh שש, saba ni SHEva שבע, tisa ni TEsha תשע. Halafu makumi: thelathini shloSHIM, arobaini arbaIM, hamsini khamiSHIM, sitini shiSHIM, sabini shivIM, themanini shmoNIM, tisini tishIM. Ile -ini ya mwisho imekuwa -im, ambayo ndo alama ya wingi ya Kiebrania. Ishirini ndo mkorofi amegeuza kibao, sh yetu imekuwa s: esRIM עשרים. Mia ni meA מאה, elfu ni Elef אלף. Yaani muuzaji akikwambia khamiSHIM SHEkel (shekel ndo hela yao) una haki ya kuelewa kabla hujafungua darasa lolote. Moja mpaka kumi zote za kuhesabia ni hizi: akhAT, SHTAyim, shaLOSH, ARba, khaMESH, shesh, SHEva, SHMOne, TEsha, Eser. Tatizo ni moja mpaka tano na nane na kumi tu, zilizobaki umeshapata.

Nyingine za bure ambazo huhitaji kanuni: damu ni dam דם. Hai ni khai חי. Mauti ni MAvet מוות. Nafsi ni NEfesh נפש, roho ni RUakh רוח. Malaika ni malAKH מלאך, malkia ni malKA מלכה na mumewe mfalme ni MElekh מלך. Sukari suKAR סוכר, sabuni saBON סבון, pilipili pilPEL פלפל. Na ile ninayoipenda kuliko zote, binadamu. Sisi tunaitamka kama neno moja tu la kawaida, kumbe ni mwana wa Adamu, na Muisraeli akitaka kusema mtu anasema ben aDAM, בן אדם, hivyohivyo. Adamu mwenyewe kafanana na adaMA אדמה, udongo, kwa hiyo ile hadithi ya kuumbwa kwa mavumbi inasikika ndani ya jina.

Ila usijiachie sana, ndugu wakikaa mbali wanabadilika. LEkhem kwa Waebrania ni mkate, Waarabu wanasema lahm na wanamaanisha nyama. Bethlehemu, beit LEkhem בית לחם, kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate, Mwarabu anaweza kuisikia nyumba ya nyama.

Sababu ya haya yote kushikana ni mizizi. Maneno mengi yanajengwa juu ya konsonanti tatu, irabu zinabadilika kuzizunguka. Chukua k-t-b, כתב: kaTAV aliandika, mikhTAV barua, KTOvet anwani. Sisi tuna kitabu, katibu na maktaba, mzizi uleule. Ukishaujua mzizi mmoja unaanza kubahatisha maneno ambayo hujawahi kuyaona na unapatia.

Siku za wiki, angalia usikose ndege

Kiebrania kinahesabu siku kuanzia Jumapili: yom riSHON, siku ya kwanza. Sisi mosi yetu iko Jumamosi. Kwa hiyo yom sheNI, siku ya pili, sio Jumapili, ni Jumatatu! shliSHI ya tatu ni Jumanne, reviI ya nne ni Jumatano. Unapunguza moja kila siku. Ikifika Alhamisi mnakutana, kwa sababu Alhamisi jina lake la Kiarabu ni "ya tano" na kwao ni yom khamiSHI, ya tano pia. Yom shiSHI ni Ijumaa, na Jumamosi ni shaBAT שבת, ambayo ndo imetupa Sabato. Na shabat inaanza Ijumaa jua likizama, wazee wetu wa pwani hawashangai, kwao usiku unatangulia mchana wake, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mabasi mengi ya umma yanasimama, kwa hiyo mizunguko yako maliza mapema.

Kwa kupita tu, hiki Kiebrania cha kuombea chai hakikuwa lugha ya nyumbani kwa karne nyingi, kilikuwa cha sala, vitabu na barua za wasomi. Eliezer Ben-Yehuda, aliyepigania Kiebrania kirudi kuongelewa majumbani, alifika Palestina 1881, mwanae akazaliwa 1882 na akalelewa kwa Kiebrania kitupu, akitajwa kuwa mtoto wa kwanza kukua hivyo katika zama hizi. Maneno yaliyokosekana yakatungwa, kwa mfano miLON מילון, kamusi, kutoka miLA, neno. Siku hizi kazi hiyo iko kwa Akademia ya Lugha ya Kiebrania, ya 1953, ni kama BAKITA kwetu.

Andika jina lako

Mazoezi mazuri kuliko yote. J hawana, wanatumia gimel yenye kikoma juu, ג', basi Juma ni ג'ומה. Ch ni tsadi yenye kikoma, צ', Chausiku anakuwa צ'אוסיקו. Baraka akiandika ברכה msomaji atatamka braKHA, na maana yake ni baraka, kwa hiyo hajapoteza kitu. Rehema, רחמה, kapata mzizi uleule wa rakhaMIM רחמים, huruma, na kwenye kitabu cha Hosea utamkuta Lo-ruhama, asiyehurumiwa, ni mzizi huohuo. Asha awe makini, akiandika אשה watamsoma iSHA, mwanamke, bora aweke alef mwishoni: אשא.

Kuchapa

Kwenye simu ingia setingi, lugha na kibodi, ongeza Kiebrania, bure. Herufi za mwisho zina vitufe vyake, simu haitakubadilishia yenyewe. Ukiandika kwenye meseji kasa (kale kamstari kanakomemeta unapoandika) inaenda kushoto yenyewe, shida inaanza ukibandika kwenye programu za dizaini, nyingi hazigeuzi upande mpaka uziwashie, zinapanga herufi kama za Kiswahili na hazikwambii kitu. Kama imekushinda, andika neno kwenye simu, piga picha ya skrini, mpe dizaina achore juu yake.

Na kabla mashine haijawashwa shika sampuli moja uangalie sanduku, ם. Liko kushoto, printi. Liko kulia, zuia hela.